Betri za laptopu zilizokufa na kibanda cha chaji: uchambuzi wa kisa kimoja cha Goma

Usuli

Kibanda chenyewe kiko pembeni ya Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), katika mtaa ambao nguzo za umeme zinapita barabara kubwa lakini vichochoroni hazijaingia. Mji haukosi vyanzo vya kuran (umeme): kuna laini ya umeme ya mto Ruzizi, kuna mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru, kuna uwanja wa paneli za sola wa megawati 1.3 uliowashwa mwaka 2020. Lakini kati ya chanzo na nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano kuna waya, mita na pesa ya kuunganishwa, na wengi hawajafika hapo. Kwa hiyo simu zinapelekwa kibandani. Unaacha asubuhi, unachukua jioni; bei wakati wa kisa hiki ilikuwa faranga 500.

Mwenye kibanda ni mama anayejulikana mtaani kwa kushika daftari la likirimba (mchango wa zamu) kuliko kwa mambo ya umeme. Jina lake, la mtaa na la karakana iliyomhudumia yameondolewa. Vipimo vya kiufundi vimeachwa, maana bila hivyo kisa hiki hakimsaidii mtu.

Alianza na paneli mbili za wati 100, regulata (kisanduku kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ya bei nafuu ya aina rahisi ya PWM, betri mbili za gari za volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) zilizounganishwa sambamba, na inveta ya wati 300 iliyotoa volti 220 kwenye soketi za chaja. Kila jozi ya betri ilidumu miezi saba au minane. Baada ya jozi ya tatu alimwambia fundi: "Papa fundi, hii betri yako inalala mbele yetu." Kufika saa moja usiku betri ilikuwa imekwisha, na simu za watu zikiwa nusu.

Sababu ya betri kufa haikuwa siri. Betri ya gari ina bamba nyembamba na nyingi, zilizotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa mara moja na altaneta (jenereta ya injini). Ukiishusha kila usiku chini ya volti 12, salfeti ya madini ya risasi inaganda kwenye bamba na haiyeyuki tena. Fundi alijua hilo, na mama aliishaambiwa. Lakini betri ya sola yenye bamba nene ilikuwa na bei ya kumaliza mtaji wake, kwa hiyo kila mara walirudi kwenye ya gari.

Hesabu kabla ya kifaa

Karakana ilikubali kujaribu seli za betri za laptopu. Malighafi ilikuwepo: Goma ilikuwa na ofisi na mashirika mengi, na laptopu zikichakaa betri zake ziliishia kwa wauza vipuri kwa dola 1 au 2. Ndani ya betri ya kawaida ya laptopu za zamani kuna seli sita za 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Teknolojia yake, ya lithiamu-ioni, si ngeni. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na waliotengeneza misingi yake walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Nyingi kati ya seli hizi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, mikoa ya kusini mwa nchi hiihii. Madini yanaondoka kwetu, yanarudi ndani ya mashine iliyokufa, na tunayanunua tena.

Kabla ya kufungua betri hata moja, kijana mmoja anayejifunza kazi hapo alipewa jukumu la kukaa kibandani siku mbili na kuandika kila simu inayoingia. Huu ndio uamuzi uliobeba mengine yote, ingawa wakati ule ulionekana kama kumpotezea kijana muda. Daftari lilionyesha hivi: simu janja 12 kwa siku, za vitufe 30. Simu janja yenye betri ya mAh 4000 inahitaji karibu Wh 15 (wati-saa, kipimo cha umeme unaotumika), na ukiongeza upotevu wa njiani ni 20. Ya vitufe ni kama Wh 5. Jumla Wh 390. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne zinaongeza 40. Kibanda kizima kinahitaji Wh 430 kwa siku, na nusu yake inatumika jua likiwa bado juu.

Kisha akapima inveta. Ikiwa imewashwa bila simu hata moja, ilivuta wati 8. Kwa saa 12 hiyo ni karibu Wh 100. Yaani robo ya mahitaji ya kibanda iliishia kwenye kisanduku ambacho kazi yake ilikuwa kupandisha volti 12 hadi 220, ili chaja ya simu izishushe tena hadi 5.

Hapo swali likageuka. Tangu mwanzo watu wote, fundi akiwemo, walikuwa wanauliza betri gani itadumu. Sasa ikawa: kwa nini tunapita kwenye 220 kabisa?

Majaribio mawili yaliyokwama

Seli moja ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, na si vizuri ishuke chini ya 3. Regulata ya volti 12 imetengenezwa kwa betri ya risasi, kama ya gari: inapandisha hadi 14.4, inakata mzigo karibu na 11.

Pakiti ya kwanza ilikuwa na makundi matatu ya seli kwa mfuatano, na kwa mfuatano volti hujumlishwa. Ikijaa ni volti 12.6. Regulata haikujua hilo. Ilisukuma kuelekea 14.4, ambayo ni 4.8 kwa kila seli, hatari kabisa. Bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, ilikata karibu na 12.75 kama inavyopaswa. Kila siku saa nne asubuhi ilikata, ikarudi, ikakata. Bodi ya ulinzi ni ya ajali. Ukiifanya ndiyo regulata yako, siku transista yake (swichi ya ndani) ikiungua ikiwa inapitisha umeme, hakuna kitu kingine kati ya jua na moto.

Wakaongeza kundi la nne. Sasa pakiti ilihitaji 16.8 ili ijae, na regulata iliishia 14.4, yaani 3.6 kwa seli. Hapo seli ya aina hii haijafika hata theluthi ya ujazo wake. Usalama ulikuwepo, ila umeme haukuwepo, na saa mbili usiku kibanda kilikuwa giza.

Kulikuwa na pendekezo la kuagiza regulata maalumu ya lithiamu. Lilikataliwa kwa sababu moja nzuri: ikiharibika, nyingine itachukua wiki nyingi kufika, na kibanda cha faranga 500 hakingoji wiki nyingi. Chochote kitakachotumika lazima kipatikane sokoni Birere siku ileile.

Volti 24

Jibu lilitoka kwa yule kijana, ambaye awali alikuwa akishika spana kwenye gereji ya malori. Fundi alikuwa ameandika ubaoni idadi ya makundi na volti zake, kuanzia matatu hadi manane, na mstari wa makundi saba ukawa 29.4. Kijana akasema: "Papa, malori yote yanakula 24. Altaneta yake ni 28 na kitu."

Regulata nyingi za bei nafuu zinafanya kazi kwa 12 na kwa 24; zinajitambua zenyewe pale unapounganisha betri. Kwenye 24, chaji yake ya juu kwa betri ya risasi ni 28.8. Gawanya kwa 7: volti 4.11 kwa seli. Huko seli imejaa karibu asilimia 90, na kutojaa hadi mwisho kunaiongezea umri. Upande wa chini, regulata inakata mzigo karibu na 22, ambayo ni 3.14 kwa seli, bado salama. Vifaa vilivyotengenezwa kwa risasi vinaitosha lithiamu bila kubadilisha hata skrubu moja, mradi uwe na makundi saba.

Lori lilileta na zawadi ya pili. Kwa kuwa malori yanatumia 24, soko limejaa chaja za USB za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zilizoandikwa 12–24V. Hizo zinatoa 5 moja kwa moja. Inveta ikafungiwa kabatini. Paneli mbili zilizokuwa sambamba zikaunganishwa kwa mfuatano: kila moja ina volti 18 ikifanya kazi, pamoja 36, ampea tano na nusu. Jua kamili la muda wa saa nne linaleta karibu Wh 600, na hiyo ni pamoja na mawingu ya mchana na vumbi jeusi la lava ambalo lazima lifutwe kwenye kioo mara mbili kwa wiki.

Meza ya kuchambulia seli

Hapa ndipo kazi ilipo. Zilinunuliwa betri 42 za laptopu, seli 252.

Ganda linafunguliwa kwa kipande cha plastiki ngumu, si bisibisi. Bisibisi inatoboa seli. Ndani, utepe wa nikeli unakatwa katikati, mmoja mmoja, ukiacha mkia wa milimita 5 au 6 kwenye kila ncha ya seli. Mkia huo una kazi baadaye. Kazi inafanyika nje, na ndoo ya mchanga mkavu iko pembeni ya meza.

Yenye kutu, iliyobonyea, iliyochanika ngozi au yenye harufu tamu kama ya rangi ya kucha, nje. Harufu hiyo ni kimiminika cha ndani kikivuja. Zinazobaki zinapimwa volti. Chini ya 2.0, nje bila mjadala: seli iliyokaa tupu muda mrefu huyeyusha shaba yake ya ndani, na ukiichaji shaba hiyo inaganda tena mahali pasipostahili na kutengeneza shoti. Kati ya 2.0 na 2.5 inaamshwa polepole kwa mA 130. Zaidi ya 2.5 inakwenda kwenye chaji.

Chaji ni zile bodi ndogo za TP4056 zinazouzwa kila mahali. Zinatoka kiwandani zikisukuma ampea 1, nyingi mno kwa seli iliyozeeka. Ukibadilisha rezista yake (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 1.2 ukaweka ya kilo-omu 2, unapata mA 580. Seli inayochoma kiganja wakati wa kuchajiwa, nje. Zilizojaa zinaandikwa tarehe na volti kwa kalamu ya wino mzito, zinalazwa siku 14. Iliyoshuka chini ya 4.10 ina uvujaji wa ndani, nayo inatoka.

Kisha ujazo. Kipimo cha kununua kinapima seli moja au nne kwa wakati mmoja, na cha maana kina bei. Karakana ikanunua saa nane za ukutani za plastiki, zile za betri moja ndogo ya volti 1.5.

Mpango ni huu. Seli iliyojaa inaunganishwa kwenye bodi ya TP4056 yenye ulinzi, ambayo inakata seli ikishuka karibu na 2.4. Kwenye njia ya kutokea ya bodi zinawekwa rezista mbili za simiti za wati 5 kwa mfuatano: omu 2.7 na omu 1.8. Jumla omu 4.5, zinavuta wastani wa ampea 0.8. Saa ya ukutani inaunganishwa kwenye ncha mbili za ile ya omu 1.8 peke yake. Hapo inapata sehemu 4 kwa 10 za volti ya seli: 1.68 seli ikiwa imejaa, 1.2 ikiwa imebaki 3.0. Ndiyo volti ambayo saa ya ukutani inaijua. Mishale inawekwa yote miwili juu, kwenye 12, swichi inafungwa. Seli ikiisha, bodi inakata, saa inasimama. Fundi akirudi anasoma: kila saa moja ni takriban mAh 800. Mshale uliosimama kwenye 2:15 ni mAh 1,800. Chini ya 1:45 seli haiingii kwenye pakiti.

Ubao wenye saa nane, kila moja ikisema lake, uliwafanya wateja waulize sana ipi ni ya kweli. Kasoro zilikuwepo. Baadhi ya saa husimama mapema, seli ikiwa bado na 2.7, hilo halidhuru kwa kuwa sehemu iliyobaki chini ya 3.0 ni ndogo. Kasoro kubwa zaidi: bodi fulani, baada ya kukata, huona volti ya seli imepanda tena kwa kupumzika na kufungulia upya, saa ikatembea dakika chache za uongo. Bodi tatu za namna hiyo zilitambuliwa kwa kupima seli moja mara mbili kwenye bodi tofauti. Zikaondolewa kwenye kupima, zikabaki kwenye kuchaji.

Seli zilizofuzu zilikuwa 121. Jambo linaloshangaza wageni wa kazi hii: katika betri ya laptopu iliyokufa, mara nyingi ni jozi moja tu kati ya tatu iliyokufa. Nyingine mbili ni nzima, zimefungwa na maiti.

Kuunga pakiti

Makundi saba, kila kundi seli 16 sambamba, jumla 112. Wastani wa mAh 1,800 unatoa Ah 28.8 kwa volti 25 na kitu: karibu Wh 730. Ukitumia kati ya volti 22 na 28.4 (kikomo kilichowekwa baadaye) unapata robo tatu yake, karibu Wh 550. Inatosha usiku mmoja na asubuhi yenye mawingu.

Seli hazikupangwa kwa mwonekano wala chapa. Zilipangwa kwa jumla: namba za kundi zima zijumlishwe, na makundi yote saba yatofautiane kwa chini ya Ah 0.3. Kundi dogo ndilo linalojaa kwanza na kuisha kwanza, na pakiti nzima inatembea kwa mwendo wake.

Kulehemu moja kwa moja kwenye seli kunaichoma ndani. Joto la pasi ya lehemu linayeyusha utando unaotenganisha pande mbili. Mashine ya kuchomelea kwa nukta hawakuwa nayo. Ile mikia ya nikeli ndiyo iliyookoa: pasi inagusa ncha ya mkia kwa sekunde mbili na joto halifiki kwenye seli. Upande wa chanya, kila seli iliunganishwa kwa uzi mmoja wa shaba wa milimita 0.15. Kwa kawaida unapita chini ya ampea 0.6. Seli ikipata shoti, zile 15 nyingine zitaimwagia umeme, na uzi unakatika kwenye ampea 4 au 5. Fyuzi ya bei ya bure. Kwenye waya mkuu iliwekwa fyuzi ya gari ya ampea 15.

Pakiti iliingia kwenye kisanduku cha bati kilichofungwa ukutani kwa nje, upande ambao hauna mbabula (jiko la makaa). Mama alitaka ikae ndani isiibwe. Hapo fundi hakukubali, na wakaelewana kwa kufuli mbili.

Siku chaja zilipopasuka

Wiki ya tano, mchana wa jua kali, chaja tano zililia mfululizo na kutoa moshi. Simu mbili ziliharibika na mama alilipa.

Makosa yalikuwa mawili, yaliyokutana. Regulata ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa betri ya risasi ya maji, ambao mara kwa mara hufanya chaji ya kusawazisha hadi 29.6. Kwa seli ni 4.23, na kundi lililokuwa juu kidogo lilifika 4.25. Bodi ya ulinzi ikakata. Regulata ikajikuta haina betri mbele yake ila paneli nyuma yake, na paneli mbili bila mzigo wa kutosha zinapanda kuelekea 44. Volti hizo zikaingia kwenye chaja.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya chaja. Ganda limeandikwa 12–24V, lakini ukilifungua unakuta kapasita (kipuri kinachotuliza umeme unaoingia) ya mlangoni ya volti 25. Kwenye betri ya "24" iliyo kwenye 28 tayari inateseka. Kwenye 40 inapasuka.

Marekebisho yalichukua siku mbili. Regulata ikawekwa kwenye mpangilio wa betri ya jeli, 28.4, usio na kusawazisha. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi, kwa hiyo regulata inayofidia joto huongeza sehemu tatu za kumi za volti hivi, 28.7 bado ni 4.10 kwa seli. Bodi ya ulinzi ikabadilishwa, ikawekwa yenye milango miwili: mmoja wa chaji, mwingine wa mzigo. Regulata kwenye wa kwanza, chaja za simu kwenye wa pili. Bodi ikikata chaji, upande wa simu unaendelea kula kutoka kwenye seli peke yake na hauoni paneli. Hasara yake ni kwamba regulata haikati tena mzigo kwenye 22. Ikawekwa volti-mita ndogo ya namba nyekundu na sheria iliyoandikwa kwa chokaa: ikifika 23, zima. Kapasita za chaja zote zikatolewa na kuwekwa za volti 50, zilizong'olewa kwenye bodi za televisheni mbovu.

Likaongezwa jambo moja la utaratibu. Betri inaunganishwa kwanza, paneli baadaye. Kuondoa ni kinyume chake. Regulata inayoona paneli kabla ya betri inaweza kukosea kati ya 12 na 24.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye pakiti ilikuwa inafanya kazi. Kibanda kinafunga saa tatu usiku badala ya saa moja, na simu kwa siku zimefika kati ya 55 na 60. Seli mbili zimetolewa kwenye kundi la nne, ambalo lilianza kuachwa nyuma kwa volti 0.06, mbili za akiba zikaingia. Gharama yote, pamoja na bodi ya kwanza iliyotupwa na simu mbili zilizolipwa, ilikuwa chini ya bei ya jozi mbili za betri za gari.

Karakana ilijaribu kuuza pakiti kwa vibanda vingine vitatu. Kimoja kinaendelea. Cha pili mwenyewe aliirudisha inveta ya zamani na kuunga pasi ya nguo. Fyuzi ikakatika, akaweka msumari. Wakaichukua pakiti yao. Cha tatu mnunuzi alitaka volti 12 kwa sababu ya redio yake, na hakuna aliyemshawishi.

Uchambuzi

Ukiangalia kilichotumika, hakuna kifaa kipya. Seli, regulata, chaja za malori, saa za ukutani: vyote vilikuwa Goma kabla ya kisa kuanza. Kilichokuwa kipya ni kuvipanga kwa kufuata kizuizi kimoja, kwamba kila kipuri kipatikane Birere. Watu husema ubunifu unahitaji uhuru. Hapa kizuizi ndicho kilichowasukuma kutoka kwenye 12 hadi 24. Wangekuwa na pesa ya regulata maalumu wangeinunua, na leo ingekuwa mbovu rafuni.

Daftari la siku mbili lilikuwa na thamani kuliko pakiti yenyewe. Bila lile, inveta ingeendelea kula robo ya umeme na seli zingehitajika zaidi. Mwenye kibanda asiyetaka kugusa lithiamu kabisa anaweza kuchukua sehemu hii tu, aondoe inveta, abaki na betri zake za risasi, na bado apate faida usiku uleule.

Kijana kusikilizwa ni jambo la kutaja pia, kwa sababu si kawaida. Katika karakana nyingi anayejifunza hunyamaza hadi aulizwe. Hapa hesabu ya ubaoni ilikuwa wazi na fundi alikuwa amekwama mbele ya watu, hali ambayo humfanya mtu asikilize.

Yaliyoshindikana yana mizizi miwili. Kwanza, waliamini maandishi: "12–24V" kwenye ganda, mpangilio wa kiwandani kwenye regulata. Seli 252 zilipimwa moja moja kwa wiki kadhaa, lakini chaja zikachomekwa bila kufunguliwa hata moja. Uangalifu uliishia pale ambapo kazi ilionekana ya kawaida. Pili, ulinzi ulijaribiwa kwenye meza bila paneli. Mtu angechomoa betri kwa makusudi jua likiwa juu, na balbu moja ya volti 24 badala ya simu za watu, kasoro ingeonekana kwa bei ya balbu.

Mauzo kwa vibanda vingine yalikosea kwa sababu tofauti: waliuza pakiti bila kuuza kipimo. Kila kibanda kina simu zake, saa zake na mtu wake wa kuweka msumari. Sasa karakana haiuzi kabla ya kijana kukaa siku mbili na daftari, na mteja anayekataa kuandikwa anaambiwa anunue betri ya gari.

Kuna swali ambalo wenye pesa wataliuliza, na ni halali: kwa nini si lithiamu ya fosfeti ya chuma? Seli nne za aina hiyo kwa mfuatano zinaenda vizuri na 14.4 ya regulata ya volti 12, haziwaki moto kirahisi kama za kobalti, na zinadumu zaidi. Ukiweza kuzinunua mpya, nunua. Usichambue mabaki kwa mapenzi ya kuchambua. Pakiti ya seli za zamani ina maana pale tu ambapo kazi ya mikono ni nafuu kuliko kifaa na kuna mtu atakayeipima kila mwezi. Mwezi usiopimwa ndio unaoficha kundi linaloanza kuachwa.

Suala la seli 131 zilizokataliwa bado halijatatuliwa. Zimeshushwa chaji hadi mwisho, ncha zake zimefungwa utepe, zimelazwa kwa matabaka na mchanga mkavu ndani ya pipa la chuma nyuma ya karakana. Hakuna aliyejitokeza kuzichukua. Pipa la pili limeshaanza, na kwenye bei ya kila pakiti inaongezwa dola 3 za kununulia pipa na mchanga.